Msomaji Mmoja wa Kabati la Chuma

Wewe unayesoma hapa, umewahi kuficha jina lako ili usome kitabu?

Kama hujawahi, huenda ni kwa sababu ulizaliwa mwanamume, au ulisoma mahali ambapo vitabu hukaa wazi kama nyanya sokoni. Katika chuo kimoja cha mjini Morogoro, kule mji unapoanza kupanda mlima, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wasichana wengi walisoma kwa jina la mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa profesa wala mkuu wa idara. Alikuwa mhudumu wa maktaba, Abasi Mloka, mzaliwa wa milima ya juu ya Mkuyuni, mwenye elimu ya darasa la nne, mguu wa kulia mzito kidogo tangu alipoteleza utotoni na mkungu wa ndizi begani, na koti moja la kaki alilolifua kila Ijumaa mpaka kola ikawa nyeupe.

Ukipanda kwake leo utamkuta katikati ya michungwa yake. Kazini alipunguzwa mwaka tisini na tano pamoja na wengine wengi, na habari hiyo hapendi kuirudia. Lakini mwulize habari za kabati la chuma. Hapo atakuvutia kigoda, ataagiza uletewe chungwa lililokwisha kumenywa, na atakaa wima kama askari anayepigwa picha.

Alianza kazi maktabani mwaka sitini na sita kama mfagiaji. Alizifahamu namba za vitabu kabla hajaweza kusoma majina yake ya Kiingereza. Alikuwa akipita na fagio kati ya rafu, akaona kwamba namba zinakwenda kama nyumba za mtaa uliopangwa, na kwamba kitabu kilichowekwa penye namba isiyo yake kimepotea, hata kama kipo chumbani. Akaanza kuvirudisha mahali pake bila kutumwa. Mkutubi wa wakati ule alipogundua, alimpa kiti na koti la kaki. Tangu siku hiyo Abasi hakuwahi kuulizwa kitabu akasema hakipo, ila kama kweli hakipo.

Kabati la chuma lilifika mwaka themanini na tisa. Walilileta wafadhili pamoja na vitabu vyake themanini na saba na ripoti kumi na nne zilizopigwa taipu. Humo mlikuwa na sheria ya ndoa na talaka, uzazi wa mpango, maradhi ya zinaa, UKIMWI, historia ya wanawake wachukuzi na wakulima, utafiti juu ya unyago wa Uluguru na juu ya mashamba yanayorithiwa upande wa mama. Ndipo neno jinsia lilipoanza kusikika katika semina, na wahadhiri wakaanza kuwapa wanafunzi kazi za utafiti zilizohitaji vitabu hivyo hivyo. Kadi zake zilikuwa katika droo za katalogi, wazi kwa kila mtu. Vitabu vyenyewe vilifungiwa.

Uongozi uliweka sharti. Anayetaka kitabu cha kabati aandike katika daftari jekundu jina lake kamili, mwaka wa masomo, namba ya kitabu na sababu ya kukitaka. Kila mwisho wa mwezi daftari lilipelekwa kwa mlezi wa wanafunzi, naye alilisoma kwa kalamu mkononi.

Kumbuka miaka hiyo ilivyokuwa. Mitumba ilimwagwa chini Msamvu kuanzia alfajiri. Magazeti ya watu binafsi yalichipuka kama uyoga. Ukiwa na pesa uliweza kununua sabuni ya ng'ambo, bia ya ng'ambo, redio ya ng'ambo. Kila kitu ruksa, isipokuwa msichana wa miaka ishirini na mbili kusoma habari za mwili wake mwenyewe bila kuulizwa kwa nini.

Wa kwanza kuumizwa na daftari lile alikuwa Mwanaheri, mtoto wa dada yake Abasi wa tumbo moja, aliyeitwa Pili. Alikuwa mwaka wa pili. Alikuwa akiandika utafiti juu ya mashamba ya bibi zake: jinsi mashamba ya mlimani yanavyofuata tombo, yaani ukoo wa titi moja, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na jinsi wanaume walivyoanza kuyauza yaliyo karibu na barabara. Akahitaji ripoti ya unyago, maana ndiko msichana anakoonyeshwa mipaka ya shamba lake. Akaandika jina lake, na mahali pa sababu akaandika "unyago".

Mwisho wa mwezi, kwenye mkutano wa wanafunzi, mlezi alilisoma jina hilo mbele ya chuo kizima, na sababu yake. Wavulana walipiga miluzi. Mmoja alimwuliza kwa sauti atachezwa unyago lini ili waje na ngoma. Abasi alikuwa amesimama nyuma, karibu na pipa la maji. Alimwona mpwa wake akitoka nje kwa mwendo wa polepole, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Jumamosi iliyofuata alipanda mlimani kwa dada yake. Pili alikuwa akipepeta mchele, hakuuacha ungo.

"Karibu, kaka. Habari nimeshaipata."

"Nimekuja kusema pole."

"Pole nimepewa na majirani. Wewe nakuuliza jambo moja. Nilipokuwa mwali, ndani alikuwa nani?"

"Mama na shangazi zetu na kungwi."

"Na mlangoni?"

Mlangoni alikuwa mjomba wao. Kule kwao mwali hufundwa na wanawake, na mjomba hana ruhusa hata ya kuusikia wimbo mmoja, lakini mlango ni wake. Anayekuja kuuliza nani yuko ndani, anakutana naye yeye, na jibu ni moja tu kwa wote.

"Mwanangu amekwenda kwako kusoma," Pili alisema, akipuliza pumba. "Kwako, Abasi. Mlango ulikuwa wa nani?"

Alishuka na maneno hayo yakimchoma njia nzima. Jumatatu asubuhi alikwenda kwenye meza ya mkutubi mkuu, Mama Eva, akaomba funguo za kabati. Mama Eva alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kilimanjaro, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Eva lilikuwa jina lake mwenyewe, si la mtoto; aliishi na mumewe katika nyumba za chuo, wawili tu.

"Nani anataka kitabu?" aliuliza.

"Mimi, mama. Wafanyakazi si tunaruhusiwa kuazima?"

"Mnaruhusiwa."

Abasi akafungua daftari jekundu, jipya, maana la zamani lilikuwa limebaki kwa mlezi. Akaandika: Abasi Mloka. Mfanyakazi. Namba ya ripoti ya unyago. Mahali pa sababu alifikiri kidogo, kisha akaandika: Mambo ya nyumbani. Ripoti akaifunga kwa gazeti, akaipeleka mwenyewe bwenini, akamkabidhi Mwanaheri getini.

"Malizia kazi yako," alimwambia. "Safari hii niko mlangoni."

Mwanaheri alimaliza, na alifaulu. Lakini kabla hajaondoka chuoni alimnong'oneza rafiki, na rafiki akamnong'oneza mwenzake. Hivyo utaratibu ukajitengeneza bila kikao. Chuoni kila mtu alimwita Abasi "Mzee". Siku msichana alipokaribia meza yake akasema, "Shikamoo, mjomba," Abasi alijua. Aliitikia marahaba, akanyoosha mkono, akapokea kipande cha karatasi chenye namba iliyonakiliwa kutoka katalogi. Hakuuliza jina. Alikwenda kwa Mama Eva, akapewa funguo bila Mama Eva kuinua macho, akaandika mstari wake katika daftari, akarudi na kitabu ndani ya gazeti. Mwisho wa mwezi mlezi alikuta jina la mfanyakazi tu, hana mwanafunzi wa kumtaja, akalirudisha daftari.

Yeye mwenyewe hakufungua hata ukurasa mmoja. Hilo analisema mpaka leo kwa fahari kuliko mambo yote. "Mjomba hachungulii," husema. Alivijua vitabu vile kwa rangi ya migongo na kwa uzito mkononi. Kilichochakaa alikipeleka kwa mjalidi, Gabrieli, na Gabrieli alikigundisha upya kwa gundi ya unga wa muhogo aliyoipika mwenyewe. Katika miaka mitatu hakikupotea hata kimoja.

Siku moja, katika mwaka wa pili wa mpango huo, Mama Eva alimpa funguo kabla hajaombwa. Juu ya funguo palikuwa na kipande cha karatasi chenye namba. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, ule wa wino wa buluu aliotumia kwenye kadi. Abasi aliandika mstari wa mia moja na kumi na nane, Abasi Mloka, mambo ya nyumbani, akakifunga kitabu kwa gazeti, akakiweka ndani ya kapu la Mama Eva chini ya mchicha. Baada ya wiki tatu kilirudi. Hata angepigwa viboko, Abasi asingelisema jambo hilo.

Mwaka tisini na tatu, mwezi wa nane, mkaguzi alitumwa kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Eustace, kijana wa miaka thelathini hivi, nadhifu, tai fupi, mkoba wa ngozi. Vyuo vilikuwa vimeambiwa vipunguze gharama na vibuni mapato, na yeye ndiye aliyepewa kalamu. Alihesabu viti, taa, watu. Siku ya pili alilifungua daftari jekundu, akalisoma kimya kwa saa nzima, kisha akamwita Abasi kwenye meza kubwa. Mama Eva aliketi pembeni ya mkaguzi kama mwenyeji. Gabrieli alikuwa dirishani akigundisha kamusi.

"Mzee Abasi, shikamoo."

"Marahaba, Bwana Mkaguzi."

"Una wake wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja. Na watoto?"

"Wanne. Wa mwisho yuko darasa la saba."

"Sasa nisaidie. Mwaka jana, mwezi wa tatu, umeazima vitabu vya uzazi wa mpango mara tisa. Mara tisa katika mwezi mmoja. Sura gani ilikushinda?"

Gabrieli alikohoa ndani ya gundi yake.

"Nasoma polepole," Abasi alisema.

"Na hivi vya maradhi ya zinaa?"

"Hivyo pia."

"Mambo ya nyumbani?"

"Nyumba ina mambo mengi, Bwana Mkaguzi."

Eustace alilifunga daftari taratibu. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. "Mzee wangu, hapa kuna mistari mia nne na kumi na miwili. Yote yako. Mimi nina dada watatu, najua ninachokitazama. Hawa ni wasichana. Sitaki kumwadhibu mtu. Ila angalia upande wangu: nimeambiwa kila kabati, kila chumba, kionyeshe watumiaji wake. Chumba hiki kinatakiwa kikodishwe, pakae mashine ya fotokopi. Nikirudi Dar na kabati lenye msomaji mmoja, na huyo msomaji ni mhudumu mwenyewe, vitabu vinakwenda ghalani kesho hiyo hiyo. Nipe majina thelathini tu. Thelathini, ninaandika thelathini, kabati linabaki."

"Majina yatakwenda wapi?"

"Yataambatanishwa na ripoti. Nakala kwa mlezi wa wanafunzi, kama sharti linavyosema."

Abasi alitazama ubao wa meza. Mstari wa mia moja na kumi na nane ulikuwa mle ndani, na mwenye mstari huo alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, akiikunja na kuikunjua kamba ya miwani. Abasi alihakikisha macho yake hayendi upande ule.

"Jina ni moja," alisema. "Langu."

"Mzee, unanielewa? Utakuwa umelifunga kabati kwa mkono wako."

"Ninakuelewa. Lakini kwetu mwali akiwa ndani, mjomba yuko mlangoni. Ukija kumwuliza nani yuko ndani, anakwambia, niko mimi."

Eustace alitazama dari, akashusha pumzi. "Gari linaondoka kesho saa nne asubuhi. Ukikumbuka jina lolote kabla ya hapo, niko nyumba ya wageni. Mama Eva, tafadhali vitabu vifungwe kwenye makatoni."

Mama Eva alisema, "Sawa."

Abasi alivifunga mwenyewe. Alitumia makatoni ya sabuni aliyoomba madukani, akavipanga kwa namba, vizito chini. Hapo ndipo kosa lake lilipomjia zima zima, akiwa amepiga magoti na kamba ya katani mdomoni. Mlango alikuwa ameulinda vizuri mno, hata nyumba ikaonekana haina watu. Wasichana mia mbili wamepita humo, na kwenye karatasi hapakuwa na hata mmoja. Kama angaliandika japo majina ya wale waliokwisha kuhitimu! Lakini hata hao hakuwaomba, na jina la mtu huombwa kwa mwenyewe.

Gabrieli alikuja kumsimamia. Gabrieli alikuwa Mnyamwezi, na Abasi Mluguru, kwa hiyo walikuwa watani, na katika miaka kumi na tano ya kufanya kazi pamoja walikuwa hawajaongea sentensi tatu mfululizo bila matusi ya heshima.

"Mluguru, nilijua mnajua kubeba ndizi. Kubeba maradhi ya zinaa ya chuo kizima sikujua."

"Niache, mtani. Leo sina meno ya kukujibu."

"Mkeo ameshaambiwa? Mara tisa mwezi wa tatu! Kumbe mguu mzito ni huo tu."

"Gabrieli."

"Naam."

"Nimewaulia watoto wa watu shamba lao."

Gabrieli alichukua kitabu kimoja, akapima ujalidi wake kwa kidole gumba, akakirudisha. "Shamba likifa ni msiba," alisema, "na msiba wa Mluguru una mwenyewe. Nipe ruhusa nitoke saa tisa."

"Uende wapi?"

"Mtani huulizwa anakwenda wapi?"

Akapanda baiskeli yake akaondoka, mfuko wa gundi ukining'inia kwenye usukani. Abasi alimwona akikata kona kuelekea mjini, akadhani anakwenda kunywa.

Alikuja kuambiwa baadaye. Unajua kazi ya mtani penye kifo: ndiye anayepiga mbiu, ndiye anayewachekesha wafiwa, ndiye anayeweza kusema mbele ya watu neno ambalo ndugu hawezi kulisema, na hakuna wa kumkasirikia. Gabrieli alikwenda kusimama kwenye geti la mabweni ya wasichana, amejifunga khanga kichwani kama mama mfiwa, akalia kwa sauti ya kinanda kibovu: "Jamani, mjomba wenu anazikwa kesho saa nne! Ameuawa na uchoyo wake! Amekataa kusema majina yenu, vitabu vinakwenda ghalani! Anayemdai aje, na anayedaiwa naye aje!" Wasichana walicheka mpaka walipoelewa. Kutoka hapo alikwenda hospitali kwa wauguzi wawili aliowajua. Kutoka hapo, Msamvu, akamkabidhi dereva wa lori la vitunguu neno la kumpelekea mwalimu mmoja wa shule ya msingi Dumila, anaitwa Mwanaheri.

Abasi hakujua chochote kati ya hayo. Aliswali, akala kidogo, akamwambia mkewe kesho pengine atarudi mapema.

Asubuhi alifika saa moja kama kawaida. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mabega ya mlima. Alifagia. Alifuta vumbi juu ya kabati tupu, ingawa hapakuwa na haja. Alipotoka na makapi, alikuta barazani watu wameketi.

Walikuwa wameketi chini, wametandika khanga, miguu wameinyoosha, migongo ukutani, vile wanawake wanavyokaa msibani. Alihesabu kumi na mmoja, kisha kumi na wanne. Majina yao mengi hakuyajua. Alijua namba zao. Yule mwembamba wa mlangoni alikuwa sheria ya ndoa. Yule mwenye sare ya uuguzi, maradhi ya zinaa, mara mbili, ya kwanza kwa mtihani na ya pili kwa kilio. Yule mwenye mtoto mgongoni, wanawake wachukuzi wa mizigo. Wakainuka wote pamoja.

"Shikamoo, mjomba."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa kwa sauti kubwa mahali pale. Abasi alishika ufagio wake kwa mikono miwili.

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Tumeambiwa kuna msiba," alisema mwenye mtoto.

Gabrieli alikuwa amekaa kwenye ngazi, khanga bado kichwani, akinywa uji. Gari la mkaguzi liliingia saa mbili na nusu, dereva akaliacha linanguruma. Eustace alishuka, akawatazama wanawake, akamtazama Gabrieli.

"Nani amefariki?"

"Bado, Bwana Mkaguzi. Anasubiriwa saa nne."

Waliingia ndani. Eustace aliliweka daftari jekundu juu ya meza kubwa, akalifungua, akatoa kalamu. "Kama mmekuja kwa ajili ya kabati, karibuni," alisema kwa upole. "Kila mmoja atafute mstari wake aandike jina pembeni. Hata msipotimia thelathini, nitaandika mlio hapa. Sina njia nyingine."

Hakuna aliyesogea. Ng'ambo ya uwanja, dirisha la ofisi ya mlezi lilikuwa wazi, na kwa mbali uliweza kuiona meza yake. Mmoja wa wale wa mwaka wa kwanza alilitazama dirisha, akatazama chini. Kuja kuketi msibani ni jambo moja. Kuandika jina lako mbele ya mstari unaosema kitabu gani ulikihitaji, hilo ni jambo jingine, na Abasi alilielewa vizuri kuliko wote.

"Msiandike kwa ajili yangu," alisema. "Mimi nimekwisha kusema langu. Nendeni darasani, wanangu."

Nje palisikika mtu anaruka kutoka kwenye lori. Mwanaheri aliingia, ananuka vitunguu, vumbi la Dumila limemshika mpaka kwenye nyusi. Alimsalimu mjomba wake kwa kupiga goti kidogo, akaliona daftari, akaanza kuiendea meza. Kila mtu alimpisha.

Lakini kabla hajafika, kiti kilisogezwa.

Mama Eva aliinuka kutoka nyuma ya meza yake ya ukutubi. Alikuja na kalamu yake mwenyewe, ile ya wino wa buluu. Alivaa miwani. Alifunua kurasa bila haraka, kama mtu anayejua aendako, akateremsha kidole mpaka mstari wa mia moja na kumi na nane. Jina la Abasi hakulikata. Pembeni yake aliandika jina lake lote, la kwake na la ubatizo na la mumewe, na chini yake cheo: Mkutubi Mkuu. Penye sababu, mbele ya yale maneno mambo ya nyumbani, aliandika polepole, akisoma kwa sauti kila neno alipokuwa akiliandika, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma kadi:

"Nilitaka kujua kama ni mimi nisiyeweza kupata mtoto."

Alifunika kalamu. Akaifunua tena, akampa Mwanaheri.

"Mstari wako ni wa kwanza kabisa," alimwambia. "Ukurasa wa kwanza."

Mwanaheri aliinama. Nyuma yake yule wa sheria ya ndoa alikuwa ameshasogea, na muuguzi, na mwenye mtoto, ambaye alimshusha mtoto mgongoni akampa Gabrieli amshikie. Msichana wa mwaka wa kwanza alikwenda kulifunga dirisha linalotazama ofisi ya mlezi, akasita, akaliacha wazi, akaingia katika mstari.

Abasi hakukaa kutazama wanachoandika. Alitembea na mguu wake mzito mpaka mlangoni, akawapa mgongo, akasimama pale katikati ya miimo miwili, koti la kaki limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake alisikia kurasa zikifunuliwa, na Gabrieli akimwambia mtoto kwamba babu yake Mluguru amefufuka na sasa ubani wa mtani aliyepiga mbiu ya msiba utalipwa na nani.

Dereva alikuwa amesimama barazani, katoni la kwanza mkononi, hajui alipakie au asilipakie. Eustace alipita ubavuni mwa Abasi, akaweka kofia yake kichwani, akaivua tena.

"Zima gari," alimwambia dereva. "Hilo lirudishe ndani. Kwa namba, mzee atakuonyesha."